Mumeo Akipewa Kocha, Usianze Kuuza Vitu



Juma hili nimeiweka kando mada niliyokuwa nimeikusudia, yaani ada za shule, kwa sababu ya barua moja iliyonifikia kutoka Nyankumbu, mjini Geita. Mwandishi wake ni mama wa watoto watatu. Mumewe ni fundi mitambo aliyeajiriwa na kampuni moja inayofanya kazi migodini, na miezi minane iliyopita alipandishwa cheo akawa msimamizi mkuu wa idara yenye watu wapatao sitini. Furaha ilikuwa kubwa nyumbani, palichinjwa mbuzi. Lakini sasa, anaandika mama huyo, kampuni imemletea mumewe mtu kutoka Dar es Salaam ambaye kila baada ya majuma mawili hufungiana naye chumbani kwa saa moja na nusu. Hamfundishi mitambo. Hamkagui. Wanazungumza tu. Bwana akirudi nyumbani huketi kimya, na akiulizwa husema kwamba yule ni "kocha" wake. Majirani wamekwisha kutoa hukumu: mtu akiletewa kocha, siku zake zinahesabika; hiyo ni namna ya kistaarabu ya kutafuta makosa ya kuandika kwenye jalada. Jirani mwingine amemnong'oneza kwamba mgeni huyo ni daktari wa wagonjwa wa akili aliyevaa kiraia. "Naomba uniambie ukweli," anamalizia, "je, nianze kuuza vitu?"

Nakiri kwamba mimi mwenyewe neno hilo, likitumika nje ya uwanja wa mpira, nilikuwa nikilisikia na kulipuuza. Nilidhani ni mojawapo ya mapambo ya semina za hotelini, ambako watu hupewa kalamu, daftari na chai ya saa nne, kisha kila mmoja hurudi kazini akiwa vile vile alivyoondoka. Barua ya mama huyu ilinilazimu kuuliza. Niliyoyasikia Shinyanga, Kahama na Geita yamenibadilisha mawazo kwa sehemu kubwa, ingawa si yote.

Tuanze na mpira, maana huko hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Watu wa ukanda huu wameiona Stand United ya Shinyanga ikipanda na kushuka, wameiona Mwadui, na katika msimu wa 2021/22 waliiona Geita Gold, ikiwa ndiyo kwanza imeingia Ligi Kuu, ikimtoa mfungaji bora wa ligi nzima, George Mpole, kwa mabao 17. Mpole alikuwa na kocha. Sikumsikia mtu hata mmoja akisema kwamba kwa kuwa ana kocha basi hajui mpira, au kwamba yu karibu kuachwa. Kinyume chake, mchezaji asiyeletewa kocha ndiye anayepaswa kuwa na wasiwasi. Kwa nini basi tukubali kwamba mfumania nyavu anahitaji jicho la mtu aliye nje ya mstari, lakini mtu aliyekabidhiwa maisha ya watu sitini na mashine za mamilioni ya fedha aachwe ajifunze uongozi kwa kubahatisha?

Hata hivyo mfano huo unafika mahali unakatika, na ni vema tuukate wenyewe. Kocha wa mpira hupanga kikosi, hupiga kelele, humtoa mchezaji dakika ya sitini. Kocha wa viongozi hana mamlaka yoyote ya namna hiyo. Aghalabu hajui hata kazi ya yule anayemsaidia. Anaweza kukaa na mkuu wa uchorongaji pasipo kujua tofauti ya mwamba na udongo. Kazi yake ni kuuliza, kusikiliza, na kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe ili ayaone kama mtu anavyojiona katika kioo.

Asili ya jambo hili ina mizunguko yake. Neno lenyewe la Kiingereza hutokana na Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika tangu karne ya 15 kwa kuunda magari ya kukokotwa na farasi. Baadaye wanafunzi wa Oxford wakaligeuza kuwa jina la utani la mwalimu anayemvusha mwanafunzi katika mtihani, kama gari linavyomvusha abiria. Mwaka 1974 Mmarekani mmoja mwalimu wa tenisi, Timothy Gallwey, alitoa kitabu alichoeleza ndani yake kwamba mchezaji hushindwa zaidi na kelele zilizo kichwani mwake kuliko na mpinzani wa upande wa pili wa wavu. Wenye makampuni walikisoma kitabu hicho wakajiona humo. Mwingereza John Whitmore, ambaye hapo kwanza alikuwa dereva wa magari ya mashindano, aliipeleka elimu hiyo maofisini na mwaka 1992 akaandika kitabu chake kilichoeneza maswali manne ambayo makocha wengi huyatumia mpaka leo: unataka nini; hali ikoje hivi sasa; ziko njia gani; na utafanya lipi, lini. Mwaka 1995 ukaanzishwa huko Marekani umoja wa makocha, International Coach Federation, ambao huwapima na kuwapa vyeti.

Lakini msidhani kwamba kiongozi kukaa na mtu wa kumweleza ukweli ni uvumbuzi wa wazungu. Watemi wa Usukuma walikuwa na banang'oma, wazee wa baraza ambao ndio waliomteua ntemi na ambao waliweza pia kumwondoa. Ntemi aliyewapuuza alikuwa anaukalia mti anaoukata. Tofauti ni kwamba banang'oma walikuwa na nguvu juu ya ntemi, na kocha wa leo hana nguvu ila ile ya swali.

Sasa, kwa nini jambo hili limeingia migodini na hasa huku kwetu? Itazameni historia. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mgodi wa kale wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na kwa zaidi ya miaka thelathini Geita ikabaki na mashimo na kumbukumbu. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Katika miaka ile ya mwanzo, viti vingi vya juu vilikaliwa na wageni kutoka Afrika Kusini, Australia, Ghana na kwingineko. Vijana wetu waliingia kama mafundi, madereva wa magari makubwa na wahandisi wachanga. Miaka imepita na vijana wale wamekomaa. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini nazo zikaja kuzitaka kampuni ziwe na mpango wa kuwarithisha wananchi nafasi za wageni. Viti vikaanza kuachwa wazi, na fundi hodari aliyekuwa jana akishika spana akajikuta leo ameshika orodha ya zamu.

Hapo ndipo penye shida, wala haiko migodini peke yake. Ipo hospitalini, shuleni, viwanda vya kuchambulia pamba, na hata katika chumba cha habari. Tunampandisha mtu cheo kwa sababu ya umahiri wake katika kazi moja, kisha tunampa kazi nyingine kabisa ambayo hajapata kufundishwa. Aliyekuwa bingwa wa kutengeneza pampu anaambiwa asitengeneze tena pampu, atengeneze watu. Akikwama hana wa kumwuliza. Walio chini yake hawezi kuwauliza kwa kuogopa kudharauliwa, aliye juu yake hawezi kumwuliza kwa kuogopa kuonekana kwamba cheo kimempwaya, na nyumbani anaambiwa, "Wewe si ndiye bosi?"

Kampuni zimeanza kuliona pengo hilo. Mgodi wa Buzwagi ulipomaliza uhai wake mwaka 2021, majengo yake hayakuachwa yaliwe na mchwa. Mwaka 2024 kampuni ya Barrick ilifungua hapo hapo, karibu na Kahama, chuo chake kwa ajili ya wanyapara, wasimamizi na wakuu wa vitengo. Serikali nayo ilikuwa imeanzisha Taasisi ya UONGOZI mwaka 2010, na Chama cha Waajiri, ATE, kimekuwa kikiendesha kwa ushirikiano na waajiri wa Norway mpango wa kuwaandaa wanawake kwa nafasi za juu. Darasa ni jambo jema. Lakini darasani watu ishirini hufundishwa jambo moja, na kila mmoja hurudi kwenye tatizo lake ambalo halikuandikwa ubaoni. Ukocha huanzia pale darasa linapokomea.

Nitawasimulia habari ya mtu mmoja ambaye amenipa ruhusa, kwa masharti kwamba nisimtaje yeye wala mgodi wake. Tumwite Msimamizi. Ana umri wa miaka thelathini na minne, amesoma uhandisi, na alikabidhiwa zamu ya chini ya ardhi katika mgodi mmoja wa ukanda huu. Miongoni mwa watu wake alikuwamo mzee mmoja, mchorongaji mwenye miaka hamsini na mitano, mwenyeji wa huko huko Usukumani, ambaye alianza kuingia mashimoni kabla Msimamizi hajaanza darasa la kwanza.

Kabla ya kupanda cheo, kijana huyu alikuwa akimwamkia mzee yule shikamoo kila asubuhi. Baada ya kupanda cheo aliacha. Aliniambia bila kuficha: aliona kwamba mtu hawezi kusema shikamoo saa kumi na mbili na kutoa amri saa kumi na mbili na robo. Akaanza kusema "habari za kazi" kwa wote sawasawa, akidhani huo ndio usawa. Juma moja, katika kikao cha kuanza zamu, mzee alisema kwamba mwamba wa njia fulani haumpendezi na kwamba pengine waanze mahali pengine. Lengo la mwezi lilikuwa nyuma. Msimamizi alimjibu mbele ya watu wote kwamba mgodi hauendeshwi kwa ndoto za wazee. Watu wakacheka, kama watu wanavyocheka bosi anapofanya mzaha.

Baada ya siku tisa, mzee alikuwa akigonga dari la njia nyingine kwa mtaimbo, kama desturi ilivyo. Wachimbaji wote wanajua: mwamba ulioshikamana ukigongwa hulia, na mwamba ulioachia hutoa sauti tupu kama ya debe. Ulitoa sauti ya debe. Mzee hakusema kitu. Aliwaondoa wenzake wawili kwa kisingizio cha kwenda kufuata maji, naye akaondoka. Karibu na mwisho wa zamu jabali likaanguka likaupondaponda mkono wa mashine ya kuchoronga. Hakuna aliyeumia. Alipoulizwa na wachunguzi kwa nini hakutoa taarifa, mzee alijibu kwamba yeye ni mtu wa ndoto.

Msomaji, fikiri juu ya jibu hilo. Uchunguzi ungeweza kuishia kwa mzee kupewa barua ya onyo, na kwa haki, maana kunyamaza mahali kama pale ni kosa kubwa. Barua hiyo alipewa. Lakini meneja wa mgodi alikuwa mtu mwenye busara akaona kwamba kulikuwa na ufa wa pili ambao hauonekani kwa tochi. Akamwita Msimamizi akamwambia kwamba hafukuzwi wala hashushwi cheo. Ataletewa kocha kwa muda wa miezi sita.

Msimamizi alifikiri kama anavyofikiri mama wa Nyankumbu. Usiku ule hakulala.

Namna jambo lenyewe linavyoendeshwa ni hii. Kwanza kulikuwa na kikao cha watu watatu: meneja, Msimamizi, na kocha, ambaye alikuwa mama wa makamo aliyepata kufanya kazi ya benki kwa miaka mingi. Hapo waliandikiana mapatano. Yalitajwa mambo mawili tu ya kushughulikiwa: namna Msimamizi anavyopokea habari mbaya, na namna anavyowagawia wengine kazi ambazo bado alikuwa akizifanya mwenyewe. Ilitajwa idadi ya mikutano. Kwa kawaida huwa kati ya sita na kumi na miwili, kila baada ya majuma mawili au matatu. Kisha likaandikwa jambo ambalo ndilo kitovu cha kazi yote: yatakayosemwa ndani ya chumba ni mali ya Msimamizi. Meneja ataambiwa kwamba mikutano inafanyika, na mwishoni watakaa tena watatu kutazama kama kuna mabadiliko, lakini kocha hatampelekea meneja maneno.

Pili, kocha aliomba ruhusa ya kuzungumza na watu wanane wanaofanya kazi na Msimamizi: walio juu yake, wa kando yake, na walio chini yake. Aliwauliza maswali machache akayakusanya majibu bila majina. Msimamizi anasema alipoyasoma aliona masikio yanawaka. Watu wake walisifu elimu yake na uaminifu wake katika fedha. Lakini wengi walisema jambo moja kwa maneno mbalimbali, kwamba ukimpelekea tatizo unageuka wewe kuwa tatizo.

Mkutano wa tatu ndio alioukumbuka zaidi, naye alinisimulia kwa kirefu.

"Mama," alisema, "tatizo ni kwamba wazee hawa hawataki kutawaliwa na kijana."

"Umejuaje?"

"Wananyamaza. Ukiwauliza hawasemi."

"Walikuwa wakinyamaza hivyo hata ulipokuwa fundi mwenzao?"

Akafikiri. "Hapana. Wakati ule walikuwa wakinieleza kila kitu. Mzee yule ndiye aliyenifundisha kusikiliza mwamba."

"Alikufundishaje?"

"Alinipa mtaimbo wake akasema, gonga, kisha nyamaza."

Kocha hakusema neno. Msimamizi anasema ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko kikao chochote alichowahi kuhudhuria, na kwamba aliutumia wote kutazama buti zake. Hatimaye mama yule akauliza, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi utafanya nini?"

Zingatieni kwamba hakumwambia, "Nenda kamwombe radhi mzee." Angeweza kumwambia, na huenda angekuwa sahihi, mimi ningemwambia hivyo katika dakika ya pili. Lakini mtu mzima akiambiwa la kufanya hupata nafasi ya kubishana nalo, na akilishindwa humlaumu aliyemwambia. Akilisema kwa kinywa chake mwenyewe hana wa kubishana naye. Msimamizi alisema kwamba ataamkia. Hilo tu, shikamoo, kama zamani, mbele ya watu. Na kwamba katika kila kikao cha zamu, kabla hajasoma malengo, atauliza ni wapi mwamba haupendezi, kisha atanyamaza mpaka ahesabu moyoni kumi.

Siku ya kwanza alihesabu mpaka kumi na hapakuwa na aliyesema. Siku ya pili vile vile. Siku ya nne kijana mmoja alisema kuna taa mbovu. Alipomweleza kocha kwamba mbinu imeshindikana, aliulizwa: "Uliwachukua miezi mingapi kuwanyamazisha?" Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa pili ndipo mzee aliposimama akataja njia mbili ambazo hazikumpendeza. Moja ilikaguliwa ikaonekana salama. Nyingine ilifungwa siku tatu ili ifungwe nguzo na wavu wa chuma. Malengo ya juma yalipungua. Msimamizi ilimbidi aende kwa meneja kueleza, na kwa mara ya kwanza, anasema, alikwenda pasipo kutafuta wa kumtupia lawama.

Wale wanaopenda ushahidi wa vitabu watataka kujua kama kisa kimoja kinatosha. Hakitoshi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walikusanya tafiti zilizokuwapo juu ya ukocha wa makazini wakakuta kwamba kwa jumla una manufaa: katika utendaji wa kazi, katika hali ya moyo, katika kustahimili mashaka, na hasa katika mtu kujiwekea lengo na kulifuata. Hayo si miujiza, lakini si maji matupu pia.

Sasa niseme yale yanayonitia shaka. La kwanza ni kwamba hakuna leseni ya Serikali inayomtenga kocha na mzushi, kama ilivyo kwa daktari au wakili. Mtu yeyote aliyefunga tai na kusoma kurasa kumi aweza kujiita kocha wa viongozi. Kampuni au mtu anayetaka kumlipa yampasa kuuliza amesomea wapi, na ameketi na watu kwa saa ngapi. Ule umoja wa makocha niliokwisha kuutaja hudai walau saa 100 kwa cheti cha kwanza, 500 kwa cha pili, na 2,500 kwa cha juu kabisa. Anayekuahidi kwamba utakuwa mkurugenzi katika siku tisini, mwonyeshe mlango.

La pili ni zito zaidi. Ziko taasisi ambazo humwita kocha ili kumtibu mtu ugonjwa ambao si wake. Kama watu wa idara wanagombana kwa sababu zamu ni za saa nyingi mno, vipuri havifiki, na malipo ya ziada yamecheleweshwa, hakuna swali la hekima litakaloleta vipuri. Hapo kumpa msimamizi kocha ni kama kumpaka dawa ya macho mtu aliyevunjika mguu. Tena kuna maradhi ya kweli ya moyo na akili, mtu kukosa usingizi kwa miezi, kutumbukia katika pombe, kutamani kufa. Hayo ni ya daktari, na kocha mwaminifu atasema hivyo na kumpeleka hospitali.

Wazee wetu wa makazini wataniambia kwamba mambo haya ya ubwana kazini yalikwisha kusemwa zamani. Ni kweli. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye kiburi na dharau, na wafanyakazi waliukariri kifungu cha 15 kuliko mameneja walivyopenda. Katika miaka iliyofuata viko viwanda vya Dar es Salaam ambavyo mameneja wake walifungiwa nje ya lango. Nawaheshimu walioandika maneno yale. Lakini amri inaweza kumwambia mtu asiwe jeuri. Haiwezi kumwonyesha ni saa ngapi ya siku ujeuri humpanda, wala unaanza na neno gani. Msimamizi wetu asingekubali kamwe kwamba yeye ni mwenye dharau. Alijiona mwenye haraka.

Kuna walioniuliza kama jambo hili ni la wakubwa wa makampuni peke yao, maana saa za kocha mwenye vyeti si za bei ya dagaa. Kwa namna yake ya kulipiwa, ndiyo, ni la wenye waajiri wakubwa. Lakini mwenye duara wa Nyarugusu au Rwamgasa naye ni mwajiri. Ana watu ishirini shimoni, ana mgao wa mifuko ya mawe unaozua ugomvi kila juma, ana karasha na deni. Wenye maduara wanne au watano wanaoaminiana, wasiogombea eneo moja, wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja akaleta tatizo moja, na wengine wakajizuia kutoa ushauri kwa muda wa nusu saa ya kwanza wakiuliza tu. Nimewaona watu wakijaribu. Sehemu ngumu ni ile ya kujizuia.

Narudi kwako, mama wa Nyankumbu. Kampuni inayotaka kumwachisha mtu kazi ina njia yake iliyowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake za 2007: sababu halali, tuhuma kwa maandishi, nafasi ya kujitetea, mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi akitaka, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama hakuridhika. Kocha hayumo katika njia hiyo. Mwulize mumeo jambo moja tu la kiofisi: je, mapatano yaliandikwa, na yanasema maneno ya chumbani ni ya nani? Kama hayakuandikwa, ayadai kabla ya mkutano ujao. Si utovu wa adabu, na kocha wa kweli atafurahi. Kama yameandikwa kwamba taarifa za kila mkutano zinakwenda kwa mkuu wa utumishi, basi majirani zako hawakukosea sana, na mumeo ana haki ya kuchagua maneno yake kwa uangalifu.

Kuhusu ukimya wake nyumbani, nilimwuliza mke wa Msimamizi, kwa ruhusa ya wote wawili. Alisema kwamba mumewe naye alikuwa akinyamaza, na yeye alikuwa akimwuliza kila mara, "Leo mmezungumza nini?" Jibu lilikuwa, "Mambo ya kazi." Siku moja, kwa kuchoka, alimwuliza badala yake, "Juma hili unajaribu nini?" Mumewe akacheka akamweleza habari ya kuhesabu kumi. Jioni ile mtoto wao wa kwanza alikuja na daftari lenye hesabu zote zimekosewa, na mama akamwona baba akifungua kinywa, akakifunga, midomo ikicheza taratibu. Alifika saba tu. Lakini mtoto akaanza mwenyewe kueleza ni wapi aliposhindwa kumwelewa mwalimu.

Vitu visiuzwe, mama. Na mbuzi wa pili asichinjwe mpaka miezi sita ipite. Ada za shule tutazizungumza Jumapili ijayo.